Sinia la Funza Nyumbani kwa Bi Tatu

Nyinyi vijana mna haraka. Nimewaona juzi pale kijitoni. Mmelizunguka sinia, kila mmoja kachomoa simu, mnampiga picha kiumbe wa watu hata hajatulia, halafu mnaiuliza simu: huyu nani? Simu ikawajibu kwamba ni kamba wa baharini. Nanyi, kwa heshima zote mlizopewa na wazazi wenu, mkaandika kamba. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na fimbo yangu, mstaafu, sina amri juu ya mtu, nikauma ulimi. Leo siuumi.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, tangu nikiwa na nywele mpaka zilipokwisha. Naingia mtoni na wavu, nachokoa chini kwa mguu, maji yanausukuma uchafu wote wavuni, nammimina kila aliyemo kwenye sinia jeupe, kisha nasema huyu wa ukoo gani na yule wa ukoo gani. Basi. Bagamoyo watu walishindwa kabisa kunielewa. Shemeji yangu mmoja alikuwa akinitambulisha misibani: "Huyu ni mvuvi, ila anavua vile vidogo visivyolika." Nami nilikuwa naitikia, maana hakusema uongo.

Wadudu wenyewe ni wale wachanga, watoto wa kereng'ende, wa mbu, wa visubi na wa wengine wengi ambao hata majina ya Kiswahili hawana, masikini. Wanakulia majini kabla hawajaota mabawa. Mtu ataniuliza, kwa nini msichote maji mkayapima? Tunayapima. Lakini maji ukiyachota leo yanakwambia habari za leo. Aliyemwaga uchafu juzi ameshanawa mikono, na uchafu wake umeshafika baharini. Mdudu hakwenda popote. Alikuwa pale pale, kila kilichopita kimempitia mwilini. Wapo wa koo zinazodeka, maji yakichafuka kidogo tu wanakufa au wanahama. Na wapo wa koo sugu, hata uwamwagie choo watakwambia ahsante, karibu tena. Wanaodeka tunawapa alama nyingi, sugu tunawapa chache, na ukizijua koo zilizomo umeijua afya ya mto.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Kibwana, mtu wa Mji Mkongwe, mwembamba, msafi, mwenye maneno. Aliingia mtoni amevaa msuli, kofia haimtoki kichwani, na sikumwona hata siku moja akiteleza, wakati mimi nilikuwa naoga bila kupenda kila wiki. Siku ya kwanza nilimwonyesha mdudu nikamuuliza, "Mzee, huyu anaitwa nani?"

"Wewe ukienda kuposa, unauliza binti anaitwa nani?"

"Nauliza... kwao ni kina nani."

"Ehe! Basi na hapa uliza wa nani. Jina lake mwenyewe waachie wenye hadubini na muda mwingi. Sisi tutazame mikia, miguu na mahali anapopumulia, tujue kwao."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mikia mingapi? Yavuyavu lake la kupumulia liko wapi, ubavuni, makwapani au nyuma? Ana nyumba au hana? Maana wapo wanaojijengea nyumba ya chembe za mchanga na kutembea nayo, na msipokuwa makini mtazimwaga nyumba za watu mkidhani ni changarawe. Ndiyo maana nasema mimina, kaa, nyamaza. Wote wanajifanya wamekufa mwanzoni. Subiri maji yatulie, subiri na wewe mwenyewe utulie, utaona changarawe zinaanza kutembea.

Wiki yangu ya kwanza nilishika mtoto wa kereng'ende, yule mwembamba, ana vitu vitatu nyuma. Nikapaza sauti kwamba nimepata wale wenye mikia mitatu, koo za maji mazuri, alama tele. Mzee Kibwana akaja, akainama, akanitazama mimi badala ya mdudu.

"Mikia ya wale ni nyuzi. Hii ya huyu ni majani, anapumulia hapo. Wewe mtu akivaa kanzu tu, unamwita sheikh?"

Wenzangu walicheka mpaka wavu ukachukuliwa na maji. Siku nyingine, kule Saadani karibu na mdomo wa mto Wami, nilimwambia askari wa hifadhi kwamba naona jiwe zuri pale katikati, nataka niende nikaligeuze. Akanijibu taratibu, "Nenda, lakini jiwe hilo lina masikio." Lilikuwa kiboko. Tangu siku hiyo nachokoa kingoni.

Dereva wetu alikuwa Masanja, Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wetu sisi wa Pwani, ana ruhusa ya kutufanyia kejeli hata kwenye matanga yetu. Na ruhusa hiyo aliitumia yote. Gari letu lilikuwa linanuka spiriti, maana wadudu tunaowapeleka ofisini, ofisi ya maji, tunawatia kwenye chupa za spiriti wasioze. Siku moja pale Ubena, kwenye barabara kuu, trafiki akatusimamisha, akaingiza kichwa dirishani, akakitoa haraka.

"Mmekunywa?"

"Afande, sisi ni wasafi," akasema Masanja. "Waliokunywa wamo humu chupani. Wamelewa mpaka wamekufa."

Tulichelewa sana siku ile.

Sasa nifike kwa Bi Tatu, kwa sababu najua hayo mengine mnayasikiliza kwa adabu tu.

Nyuma ya Mapinga kuna kijiji, na kijiji kina kijito kinachoteremka mpaka kwenye mikoko. Juu kidogo ya kivuko pana bwawa dogo, maji yametulia. Bi Tatu alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mikono yake migumu kwa kazi, na kazi yake ilikuwa kamba za usumba. Mnajua zinavyotengenezwa? Makumbi ya nazi yanavundikwa majini miezi, yanalainika, yanapondwa, usumba unatoka, unasokotwa. Zamani aliyavundika kule kwenye matope ya mikokoni, bahari inakupwa na kujaa, inasafisha yenyewe. Kisha mtu wa mjini akanunua kiwanja, akajenga ukuta, njia ya kwenda mikokoni ikaishia ukutani. Bi Tatu akahamishia makumbi yake bwawani. Angefanyaje?

Makumbi yakioza yananuka, wanangu. Kijito kikawa cheusi. Wanaochota maji chini ya bwawa wakalalamika, na msikiti, ambao maji yake ya udhu yanatoka pale pale, ukalalamika zaidi, maana maji yakishabadilika rangi na harufu hayatoharishi. Mwenyekiti wa kijiji akatuandikia ofisini tuje tupime, kisha kiitishwe kikao. Na kila mtu alijua kikao kitaamua nini. Watamfukuza bwawani. Mjane asiye na shamba, kamba ndiyo iliyomsomeshea watoto, atakula nini?

Nikatumwa mimi. Nami, niseme ukweli, nilikuwa mgane mwaka wa tatu, na yule mwanamke nilikuwa nimempenda tangu siku aliponiona nimeteleza kivukoni nikakaa kwenye maji na begi langu, akasema, "Pole kaka. Hapo hapo penye maji, au nikuletee kiti?" Masanja alijua. Masanja alijua mambo yangu kabla yangu.

Tulivua juu ya bwawa, maji yanakotoka, tukavua chini yake, yanakokwenda. Juu, mambo mazuri. Pale penye mawe kulikuwa na yule ninayempenda kuliko wote, wa ukoo wa Heptageniidae, ambaye sisi tulimwita bapa tu. Mwili bapa, kichwa bapa, macho juu, mikia mitatu ya nyuzi. Ukigeuza jiwe anakimbia ubavu ubavu kwenda upande wa pili, hataki kuonekana. Anadeka huyo! Maji yakiharibika hata kidogo humwoni. Chini ya bwawa, hakuna bapa. Kulikuwa na funza wekundu, wale wanaoishi mahali pasipo na hewa, ndiyo maana wana wekundu, wanaihifadhi hewa kidogo waliyoipata mwilini. Na kulikuwa na buu mwenye mkia mrefu kama wa panya, anautoa nje ya maji apumulie. Huyo ukimwona, mwite mwenye mto mwambie pole.

Hapakuwa na ubishi. Makumbi ndiyo yaliyoharibu. Nikakaa kivukoni na sinia mapajani, moyo unaniuma. Nikinyamaza, kijiji kitakunywa uchafu. Nikisema, nimemtoa Bi Tatu riziki kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mzee Kibwana alikuwa na desturi moja, nami sijawahi kuivunja. Habari mbaya ya mto mwenye kuhusika aisikie kwanza, nyumbani kwake, akiwaona wadudu kwa macho yake, kabla hajaisikia kikaoni mbele za watu. Kwa hiyo nikaamua niende kwa Bi Tatu. Ilikuwa Ijumaa, tumetoka kuswali, nimevaa kanzu na kofia. Wadudu nimewaweka kwenye sinia na maji yao, na kwa kuwa jua linawaua upesi, nikalifunika sinia kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Na kwa kuwa mtu haendi nyumbani kwa watu mikono mitupu, nilikuwa nimenunua halua Bagamoyo mjini. Masanja akashika halua. Mimi nikashika sinia kwa mikono miwili, taratibu, maji yasimwagike.

Mmeshaona. Mimi sikuona.

Mwanamume mgane, kanzu jeupe, Ijumaa baada ya swala, sinia limefunikwa, nyuma yake rafiki kabeba halua, wanaelekea nyumbani kwa mjane. Hatujafika hata kwenye ua, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akadakia. Kufika mlangoni, wanawake wameshajaa, na mmoja ananipepea kwa upande wa khanga.

Nikamuuliza Masanja kwa sauti ya chini, "Kuna nini hapa?"

"Tembea tu," akasema. "Usimwage."

Kaka yake Bi Tatu, Mzee Shomari, akatoka. Mtu mzima, mzito wa mwili na wa maneno. Akatukaribisha barazani kwenye mkeka, tukasalimiana salamu zote, za nyumbani, za kazi, za mvua, za watu wa Bagamoyo. Kisha akakohoa.

"Wageni, tumeuona mzigo. Tunasikiliza."

Nikafungua kinywa. Kabla sijatoa neno, mtani wangu Mnyamwezi, mlaaniwa, akakunja miguu vizuri akasema, "Mzee, sisi ni wapita njia. Tumepita tukaona nyumba yenu ina ua linalonukia. Mwenzangu huyu akashindwa kulala."

Vigelegele! Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamfinya Masanja pajani akajifanya ni mbu.

"Lifunuliwe basi," akasema Mzee Shomari. "Bismillahi." Akalifunua mwenyewe.

Funza wekundu walikuwa wamechangamka siku ile. Walikuwa wanajikunja na kujikunjua, sinia zima, na mabuu wenye mikia wamejitundika katikati. Mzee Shomari akabaki na kitambaa mkononi. Vigelegele vikakatika. Ajuza mmoja akasogea, akachungulia, akasema, "Haa! Yarabi toba, hii mahari au ugonjwa?"

Hapo ndipo Bi Tatu alipotoka ndani. Akatazama sinia, akanitazama mimi, kanzu, kofia, halua.

"Kaka Omari," akasema, "mimi nimeposwa kwa nguo, nimeposwa kwa mbuzi. Mwanamume wa kuniletea funza ni wewe wa kwanza."

Watu wakacheka, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikajua nisipojieleza sasa hivi, aibu hii haitakuwa yangu tu, itamkaa yeye, na kila akienda kuchota maji ataitwa mke wa funza. Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, lakini nilieleza. Kwamba wekundu hawa ni wa ukoo fulani, na kwao ni mahali pasipo hewa. Kwamba mwenye mkia huyu, akikaa mahali, wengine wameshahama. Kwamba hawa wote wametoka chini ya bwawa la makumbi. Nikatoa mfukoni kichupa chenye bapa mmoja, niliyemchukua juu ya bwawa, nikamwonyesha.

Bi Tatu akachuchumaa. Akakishika kichupa, akakiinua kwenye mwanga.

"Na huyu, chini kule hayupo?"

"Hayupo."

"Alikuwepo zamani?"

"Pale penye mawe ya kivuko alikuwepo. Mimi mwenyewe nilikwisha kumwona."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuza." Akakirudisha kichupa mkononi mwangu. "Nami nilifukuzwa na ukuta. Niende wapi sasa? Niambie wewe unayejua kwao kila mtu. Mimi kwetu wapi?"

Niliona macho yake yamejaa maji na hayatoki, na nikaona kweli kabisa kwamba nampenda, na kwamba nimemletea msiba kwenye sinia.

Mzee Shomari akakohoa tena. Yeye alikuwa na shida yake. "Mambo ya maji nimeyasikia, na njia ya mikokoni nitazungumza mwenyewe na mlinzi wa ule ukuta, tunaswali safu moja msikitini. Lakini nataka kujua. Hii ni posa au si posa? Maana vigelegele vimeshapigwa, na vigelegele havirudishwi."

Kila mtu akanigeukia. Hata Masanja.

"Mzee," nikasema, "mimi nilikuja kwa ajili ya maji. Lakini, kama nyumba imeniona nafaa, basi, sikatai."

"Sikatai!" Bi Tatu akasimama. "Mwanamume mzima, kanzu limepigwa pasi, anaposa kwa kusema sikatai! Haya sikiliza. Mahari yangu nataja mwenyewe, na mashahidi ni hawa. Makumbi yangu yote yatoke bwawani yaende mikokoni, na mikono itakayoyabeba ni yako. Halafu huyo bapa wako arudi pale kivukoni. Siku atakayorudi, njoo na sheikh."

Mnacheka. Mmewahi kubeba makumbi yaliyooza? Harufu yake haitoki kwa sabuni. Haitoki kwa ndimu. Mzee Shomari alisema na mlinzi, lango la nyuma likawa linafunguliwa maji yakikupwa, na mimi na Masanja tukabeba kwa magunia, jioni baada ya kazi, matope hadi magotini. Masanja nilimlazimisha, nikamwambia yeye ndiye aliyeona ua linalonukia. Ofisini walinihamishia meza yangu varandani. Kikao cha kijiji kilipokaa, bwawani hapakuwa na kumbi hata moja, hakukuwa na wa kumfukuza, wakajadili mbuzi wa mwenyekiti.

Kisha nikaanza kungoja. Hapa ndipo mnapopaswa kujifunza kitu, mkiacha kucheka. Mto hauponi siku unayoacha kuuumiza. Ukaja msimu wa vuli, mvua ikalisukuma tope jeusi. Wekundu wakapungua. Wakaja waogeleaji, wa ukoo wa Baetidae, wale wadogo wanaorukaruka kama visamaki, hao hufika mapema kwa sababu wanachukuliwa na maji kutoka juu. Nikafurahi nikaenda kumwambia Bi Tatu. Akaja kivukoni, akapandisha khanga, akachungulia siniani.

"Hawa si bapa. Hawa wana haraka kama wewe."

Alikuwa ameshajifunza. Kila nilipokuja kuvua alisimama pale, na haikupita muda akawa anasema kabla yangu: huyu ana nyumba, huyu anapumulia nyuma, huyu sugu. Tukawa tunakaa kivukoni tunabishana juu ya mikia ya wadudu, na wanakijiji wanapita wanatikisa vichwa. Nilikuwa na raha ambayo sikuitegemea tena. Lakini bapa hakuja.

Masanja akanionea huruma. Na huruma ya mtani ni hatari. Siku moja alikuwa amewapeleka wenzetu kwenye mito ya milimani, upande wa Morogoro. Akarudi usiku na ndoo, asimwambie mtu. Kesho yake akaniambia tu, "Leo twende kwa shemeji, nimeota ndoto nzuri."

Nikageuza jiwe la kwanza pale kivukoni. Bapa! La pili, bapa wawili. Bi Tatu alikuwa amesimama juu yangu, na Mzee Shomari nyuma yake, maana Masanja alikuwa amemwita naye.

"Ndiye?" akauliza Bi Tatu.

Nilikuwa nafungua kinywa niseme ndiye. Ndipo kwenye jiwe la tatu nikamwona mwingine, mnene, madoadoa, mikia miwili tu, yavuyavu makwapani. Huyu kwao ni milimani, maji ya baridi yanayoanguka kwa kasi. Pwani hii joto lake hana haja nalo. Angefika vipi Mapinga, kwa basi? Nikamtazama Masanja. Alikuwa anahesabu mawingu.

Wanangu, ningeweza kumtia yule mmoja mfukoni. Hakuna mtu pale angejua. Mzee Shomari alikuwa ameshaanza kutabasamu, na mimi nilikuwa mpweke, na nyumba yangu usiku ilikuwa na sauti ya saa tu. Lakini kijiji kile kilikuwa kinakunywa maji yale kwa neno langu. Nikisema bapa amerudi, nimesema maji yamepona.

"Ndiye," nikasema, "lakini si wetu. Wameletwa. Mto bado."

Mzee Shomari akasonya. Masanja akaondoka kwenda kuangalia gari. Bi Tatu aliuma midomo, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye mawe na khanga yake yote ikalowa. Alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa kiganja, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, sheikh aje Ijumaa."

"Na mdudu?"

"Mdudu deni."

Siku ya ndoa, tumekaa msikitini, sheikh akauliza mahari ni nini. Mzee Shomari akasema bila kutabasamu, "Makumbi yamehamishwa, taslimu. Na mdudu mmoja, deni."

Sheikh akafikiri kidogo. Alikuwa mtu wa elimu, na ni yeye aliyekuwa akilalamikia maji. "Mdudu mwenyewe, si wale wekundu?"

"Si wale. Bapa."

"Ana damu ya kutiririka?"

"Hana, sheikh," nikajibu mimi mwenyewe, bwana harusi.

"Basi si najisi. Ongezeni na msahafu mmoja, watu wasije wakatucheka, tuendelee."

Tukaendelea. Masika ikapita, na nyingine ikapita. Asubuhi moja mimi na mke wangu tulikwenda kivukoni, yeye anapitia mikokoni kutazama makumbi yake. Maji yalikuwa meupe, watoto wanachota. Nikageuza jiwe, mazoea tu. Akawa yupo pale, mmoja, bapa, macho juu, mikia mitatu, anakimbilia ubavu. Masanja alikuwa ameshahamishwa kikazi zamani. Hakuna aliyemleta. Alikuja mwenyewe.

Nikamwita mke wangu kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akaja akainama, mkono wake begani kwangu, akamtazama kwa muda mrefu sana. Na huyu ni mtu ambaye siku hizo alikuwa anawajua wadudu wale kuliko vijana wangu wote wa ofisini.

"Siye huyu," akasema. Akanipokonya jiwe, akalirudisha majini polepole, upande ule ule liliokuwa limelala, akalishindilia lisitikisike. "Bado nakudai. Endelea kutafuta."

Alikuwa ndiye.